Eti Watulie Kwanza, Ndipo Wasome

Kuna maoni yanayosikika katika semina za elimu Nairobi na katika vikao vya chai Garissa mjini, na yamezoeleka kiasi kwamba wenye kuyatoa hawaoni tena haja ya kuyatetea. Maktaba ya ngamia, shule za kuhamahama na kila mpango wa kumfikishia mtoto wa mfugaji masomo kwa mgongo wa mnyama, wanasema, ni mambo ya kale na pesa zinazotiwa humo zinapotea bure. Dawa kwao ni moja tu: wafugaji watulie mahali pamoja, wajengewe shule yenye kuta na bweni, wasome kama Wakenya wengine.

Tuwape haki yao kwanza. Wanaosema hivyo si maadui wa wafugaji. Wengi wao ni watoto wa wafugaji waliopitia mabweni hayohayo, nao wana hoja. Maktaba ya ngamia ilianzishwa Garissa mwaka 1996 na Shirika la Huduma za Maktaba Kenya, KNLS, ikiwa na ngamia watatu. Hata ilipoongezewa wanyama na kufikishwa Wajir, misafara yake ilizunguka umbali wa kilomita 20 hivi kutoka mjini. Masanduku mawili yenye vitabu kama 400 yatafaa nini katika kaunti ya kilomita za mraba 44,000, kubwa kuliko Rwanda? Kuazima kitabu cha hadithi kwa wiki mbili si kupata elimu ya msingi, wala hema halina maabara. Juu ya hayo kuna suala la heshima. Wapiga picha wa kigeni wanawapenda mno ngamia hao, na mwaka 2007 Mmarekani Masha Hamilton aliwatungia riwaya nzima. Msomi wa Garissa amechoka kuwa pambo la kalenda ya watu wengine, na uchovu huo naufahamu.

Lakini uchovu si hesabu. Tukikaa kuhesabu, maoni hayo hayasimami hata kwa mguu mmoja.

Kwanza: mnyama wa tajiri ni mbinu, mnyama wa maskini ni aibu

Ulaya na Marekani kuna fani inayokua kwa kasi ya kumfunza mtoto kwa msaada wa farasi. Mtoto asiyetulia darasani, au aliyepitia misukosuko, hupewa farasi ampige brashi, amwongoze kwa kamba na amsome masikio. Kwa njia hiyo hujifunza subira, kujiamini na kuwasiliana na wenzake. Fani hiyo ina wakufunzi wenye vyeti, na ina wafadhili wanaochangia ili watoto wa mitaa maskini nao wafikiwe. Hakuna anayewaambia walimu wale kwamba wamerudi enzi za mawe. Hapa kwetu pia, Karen na Lang'ata jijini Nairobi, mzazi anayemlipia mwanawe masomo ya kupanda farasi huonekana mzazi anayejali.

Sasa mchukue mvulana wa miaka minane kutoka malishoni huko Balambala au Dadaab. Anatambua ngamia wa kwao kwa nyayo tu mchangani. Anajua yupi ana mimba, yupi amekosa chumvi, na yupi atamwongoza mwenzake mpaka kisimani. Mtoto wa mjini angelipiwa ili apate robo ya subira hiyo. Lakini mpelekee mvulana huyu kitabu juu ya mgongo wa mnyama anayemfahamu, na wakuu wetu watainamisha nyuso kwa haya. Kama mnyama ni mwalimu kule Karen, nani alimfuta kazi alipovuka mto Tana?

Pili: watulie wapi, na nani awafunze?

Ushauri wa kutulia hutolewa kana kwamba mfugaji anahama kwa kukosa kazi. Anahama kwa sababu mvua ya kaskazini mashariki hainyeshi kila mahali kwa pamoja. Leo imenyesha Fafi, kesho Lagdera, na mifugo huishi kwa kuifuata. Serikali yenyewe imekwisha kulikiri hilo. Waraka nambari 10 wa mwaka 1965 uliotaka pesa za maendeleo zipelekwe kule kunakozalisha haraka, nao ukaliacha eneo letu nje, ulisahihishwa na waraka mwingine, nambari 8 wa mwaka 2012, unaosema wazi kwamba kuhama ni uzalishaji. Soko la mifugo la Garissa ni miongoni mwa makubwa Afrika Mashariki, na ng'ombe wanaojaza malori pale hawakunenepa kwa kufungwa zizini nyuma ya shule. Nchi inakula nyama ya kuhama, kisha inamhubiria mwenye mifugo atulie.

Haya, atulie. Atafunzwa na nani? Mnamo Novemba 2014 abiria 28 wa basi waliuawa karibu na Mandera, walimu wakiwa miongoni mwao. Aprili 2, 2015 watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, na baada ya hapo Tume ya Huduma kwa Walimu ikawahamisha walimu wengi wasio wenyeji kutoka Garissa, Wajir na Mandera. Walimu hao hawana lawama yoyote. Hakuna mshahara unaofidia roho ya mtu. Lawama ni ya hoja. Shule yenye kuta ilikuwepo, bweni lilikuwepo, mfugaji aliyeshawishiwa kutulia alikuwa ametulia, na mwalimu akaondoka. Katika kisa hiki aliyehama ni serikali.

Nchi nyingine zilishughulikia jambo hili bila kuoneana haya. Iran, kuanzia miaka ya 1950, Mohammad Bahmanbeigi aliwaandaa vijana wa jamii za wahamaji wenyewe kuwa walimu, shule zao zikiwa mahema yaliyofungwa na kubebwa pamoja na mizigo ya familia. Nigeria iliunda tume ya kitaifa ya elimu ya wahamaji mwaka 1989. Sisi tunalo baraza letu, NACONEK, lililotokana na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013. Ukiwa na baraza zima la elimu ya wahamaji, kisha sera ya vikao vyako ikawa kuwaambia wahamaji wasihame, umeajiri daktari wa kumshauri mgonjwa aache kuugua.

Tatu: bweni lina bei isiyoandikwa kwenye risiti

Wapenzi wa bweni hupenda kulinganisha gharama. Wanahesabu ngamia, mchungaji wake, hema na vitabu, wagawanye kwa idadi ya wasomaji, kisha washangae. Upande wa pili wa mizani wanaweka karo, nayo wanasema ni nafuu. Mabweni ya bei ya chini yamekuwepo katika maeneo kame tangu miaka ya 1970, kwa hiyo muda wa kuyachunguza umetosha.

Risiti inaonyesha karo, sare, godoro na nauli. Haionyeshi mbuzi aliyeuzwa msimu wa kiangazi, bei ikiwa chini kabisa, kwa sababu muhula haungoji mvua. Haionyeshi mikono iliyopungua kisimani. Mfugaji mwenye watoto sita hawezi kuwatoa wote; atachagua mmoja au wawili, na mara nyingi mtoto wa kike si miongoni mwao, kwa kuwa mama yake anaogopa kumlaza mbali na macho yake. Kwa hiyo shule inayosifiwa kwamba ni ya wote huwa imegawa familia kabla ya kengele ya kwanza.

Halafu kuna maziwa. Familia inayotulia karibu na shule huachana na ngamia, maana ngamia hawezi kuishi kwa vichaka vilivyokwisha kuliwa pembeni mwa mji. Wanyama wanaenda na baba na vijana. Mama na wadogo wanabaki kwenye bula, yaani kitongoji cha mjini, wakisubiri unga. Katika miaka ya 1990 watafiti Elliot Fratkin na Eric Roth pamoja na wenzao walipima watoto wa Warendille na majirani zao huko Marsabit. Watoto wa waliotulia walikuwa na lishe mbaya kuliko wa waliobaki na ngamia, na tofauti ilizidi wakati wa ukame. Kuanzia mwishoni mwa 2020 tulikosa mvua misimu mitano mfululizo, na mifugo zaidi ya milioni 2.5 ikafa nchini. Ukame wa namna hiyo ukija, mtoto anayenyimwa maziwa ili awe karibu na darasa amelipishwa karo ambayo hakuna bursari ya kuirudisha.

Na mtihani je? Mtoto akifaulu, tunapiga vigelegele na picha yake inabandikwa. Akishindwa, na wengi hushindwa mahali ambapo masomo hukosa mwalimu miezi mizima, anarudi nyumbani hajui kusoma vizuri na hajui tena kuchunga. Amekosa huku na kule. Huyo hayumo katika takwimu za mafanikio ya bweni, wala hakuna kalenda inayompiga picha.

Nne: "Wafugaji hawathamini elimu"

Kauli hii huwekwa mwisho, taratibu, kama siri ambayo kila mtu anaijua. Nauliza: mbona duksi, madrasa ya Kurani ya wafugaji haohao, imewashinda wanaosema hivyo?

Katika kila kituo cha wafugaji, hata kile kitakachovunjwa wiki ijayo, kuna maalim. Watoto huketi chini wakati wa magharibi au alfajiri, kila mmoja na loho yake ya ubao. Huandika aya kwa wino wa masizi, huisoma mpaka ikakaa kichwani, huiosha loho na kuandika nyingine. Mchana wako malishoni. Familia ikihama, loho inafungwa pamoja na mikeka, na maalim anahama nao. Analipwa kwa mifugo, kwa maziwa na kwa heshima. Kazi hii imekwenda kwa vizazi bila ombi la msaada hata moja, na hakuna aliyeitia kwenye jedwali la matokeo.

Basi wazazi hawa huthamini elimu, huigharamia na huibeba. Wasichokubali ni elimu inayowaambia wauze mifugo kwanza. Ratiba ya duksi inaanza pale kazi ya mifugo inapomalizika. Ratiba ya wizara inaanza saa mbili asubuhi, saa ambayo ngamia wako njiani kwenda kisimani. Kati ya ratiba hizo mbili, ile isiyobadilika kwa lolote ndiyo inayoitwa ya kisasa.

Tano: "Siku hizi kuna mtandao"

Hoja ya tano ni changa na imevaa vizuri. Inasema vitabu vya karatasi vimepitwa. Mtoto apewe kishikwambi chenye vitabu elfu. Tumekwisha kuipita njia hii. Mwaka 2013 tuliahidiwa kompyuta ya mkononi kwa kila mtoto wa darasa la kwanza. Mwaka 2016 ahadi ilipoanza kutimizwa, ilikuwa imegeuka vishikwambi, vikapelekwa shuleni, yaani kwenye majengo. Mtoto asiyefika kwenye jengo hakukiona. Kishikwambi nacho kinahitaji umeme, fundi, kabati lenye kufuli na mwalimu. Pia kinahitaji kufikishwa. Kwa mgongo wa nini?

Kwa gari, wanajibu. Barabara ya Nairobi ilikatika upande wa Madogo katika mafuriko ya mwishoni mwa 2023, ikakatika tena Aprili 2024, na hiyo ndiyo barabara kuu yenye lami. Njia za ndani, mchanga ukikauka gari huzama, na mvua ikinyesha gari huzama vilevile. Ndiyo sababu KNLS ilikwenda kwa ngamia tangu mwanzo: waliokaa wakapanga hawakuwa wakitafuta picha, walikuwa wakitafuta njia ya kupita. Ngamia hupigishwa magoti, hutandikwa mikeka, kisha sanduku moja la mbao hufungwa ubavu wa kulia na jingine wa kushoto. Uzito ukizidiana, mzigo unateleza na mnyama hainuki. Kwa hiyo kazi ya mkutubi huanza kwa kusawazisha vitabu vya pande mbili, na kazi ya mchunga ngamia ni kujua njia ipi ina kivuli. Hakuna dizeli wala pancha katika kazi hiyo. Anayetaka kumtia ngamia kishikwambi na paneli ya jua sandukuni, amtie; ngamia hana ugomvi na teknolojia. Ugomvi uko upande wa pili.

Sita: punda aliyeuzwa bila shule kuulizwa

Wanaoona haya kwa ajili ya ngamia hawakuona haya kwa ajili ya punda, na hapa ndipo unafiki unapotoka hadharani.

Familia ya mfugaji haiendi shule bila maji. Punda mmoja hubeba mitungi minne ya lita 20 kwa safari moja, na msichana anayemswaga anaweza kurudi mapema akajiunga na wenzake. Mwondoe punda: mitungi ile minne inakuwa safari nne za mgongo, na mgongo wenyewe ni wa msichana yuleyule. Hakuna bursari, sare wala kampeni ya "msichana asome" inayoweza kushindana na hesabu hiyo.

Kuanzia 2016 serikali iliruhusu machinjio ya punda kwa ajili ya soko la ngozi la China: Mogotio, Naivasha, Machakos na Turkana. Taasisi ya utafiti wa kilimo na mifugo, KALRO, ilieleza kwamba kufikia mwisho wa 2018 punda zaidi ya 300,000 walikuwa wamechinjwa, yaani zaidi ya mmoja katika kila kumi nchini. Wizi ukashamiri. Februari 2020 waziri Peter Munya akapiga marufuku, Mei 2021 Mahakama Kuu ikaiondoa marufuku hiyo, na Februari 2024 wakuu wa Umoja wa Afrika wakakubaliana kusitisha biashara ya ngozi za punda barani. Mjadala ulitawaliwa na ngozi, ajira za machinjioni na wezi wa usiku. Leseni zilitolewa kama za biashara ya mifugo, ilhali kilichokuwa kikichinjwa ni saa za masomo za wasichana. Ukimsaidia mjane kumrudisha punda wake, umefadhili elimu, hata kama fungu hilo halitaitwa hivyo katika bajeti yoyote.

Saba: nani alipe, na kutoka mfuko gani

Hoja ya mwisho ya wapinzani ni kwamba mipango hii hufa mfadhili akiondoka. Ni kweli, na ni ushahidi dhidi yao wenyewe. Shule ya msingi ya Thika haifi mfadhili akiondoka, kwa kuwa haikutegemea mfadhili. Mpango ukiuendesha kwa sadaka miaka yote, kisha ukaulaumu kwa kuwa wa sadaka, umemfunga mtu miguu ukamcheka hakimbii. Kilomita 20 na masanduku mawili si kipimo cha alichoshindwa ngamia. Ni kipimo cha alichopewa.

Sheria haina utata. Kifungu cha 53 cha Katiba kinampa kila mtoto elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Hakikusema kila mtoto aliyetulia. Kifungu cha 56 kinadai nafasi maalum za elimu kwa waliotengwa, na cha 260 kinapowataja waliotengwa kinajumuisha jamii za wafugaji, ziwe zinahama au zimetulia. Wanaosema "watulie kwanza" wanaweka sharti ambalo Katiba imelikataa kwa maandishi.

Tatizo liko kwenye mafungu. Hazina ya Usawazishaji ya kifungu cha 204, inayotengewa nusu asilimia ya mapato ya taifa, imetajiwa maji, barabara, afya na umeme. Elimu haikutajwa kwa jina. Maktaba za umma ni kazi ya kaunti, shule ya msingi ni ya serikali kuu, chekechea ni ya kaunti tena. Ngamia mmoja akibeba kitabu cha hadithi, cha darasa la kwanza na cha chekechea, amebeba serikali mbili mgongoni, na kila moja ina sababu ya kumsukumia mwenzake. Wafadhili nao hupenda kununua kinachopigika picha: watanunua ngamia, lakini si mshahara wa mchunga wake mwaka wa tano.

Kinachotakiwa si kingi wala si cha ajabu. Mchunga ngamia na mkutubi wa msafara waajiriwe na kaunti kwa mkataba wa kudumu, kama dereva wa basi la shule. Maalim wa duksi anayekubali kufunza kusoma, hesabu na Kiswahili baada ya Kurani alipwe na umma kwa saa hizo. Vijana wa vituo hivyohivyo waandaliwe kuwa walimu, ili hatari ikizuka asiwepo wa kuhamishwa. Punda wa maji ahesabiwe kuwa kifaa cha shule. Na mtoto anayehama aandikishwe mara moja, rejista imfuate kutoka Garissa hadi Wajir, badala ya kufutwa kama mtoro kila mvua inaponyesha upande mwingine.

Anayeona huo ni upotevu alete hesabu yake mezani, yenye mbuzi waliouzwa kiangazi, maziwa yaliyokosekana, walimu waliohamishwa na vishikwambi vilivyofungiwa kabatini. Hesabu ya upande mmoja tumeisikia tangu 1965, na kila ilipofungwa, aliyeandikiwa deni ni mtoto aliyekuwa malishoni.